Kaka Yangu Alikuwa na Kifua

Wenzangu wa cherehani, mmeniuliza tangu siku niliyorudi, na kila mkiniuliza naguna, nainamia kola ya shati na kujifanya uzi umekatika. Mama Jeni juzi kaniambia bila kuficha: "Eme, mdomo wako haujawahi kumaliza wiki nzima bila habari. Kuna nini?" Kuna jambo. Kulisema kwa mdomo kumenishinda, nimeona niliandike. Someni kwa zamu, na atakayetangulia kufika mwisho asiwasimulie wenzake.

Mambo ya tiketi na maandalizi nayaruka, mnayajua. Naanza na simu.

Wifi yangu Salome, mke wa kaka yangu Benedikto, alinipigia kutoka Mngeta katikati ya mwezi wa nane. Mtandao ulikuwa unakatakata. Akasema, "Wifi, kaka yako ana kifua." Nikacheka. Sasa hiyo nayo ni habari? Bene kifua anacho tangu utoto. Nilipokuwa na miaka tisa niliufungua mtumbwi wa baba pale Kivukoni, nichezee, ukachukuliwa na maji. Aliyechapwa ni Bene. Baba amekufa hajui kwamba ni mimi. Basi nikamwelewa wifi hivyo hivyo, kwamba mumewe ana siri na hataki kuitoa, na ninyi mnajua mwanaume akiwa na siri ni siri gani. Nikamjibu, "Mbane taratibu, wifi, atasema tu." Nikakata simu, nikarudi kwenye sare za shule. Wiki mbili nzima nilikaa hapa nikiamini kaka yangu kapata mwanamke wa nje, kumbe mwenyewe hawezi hata kulala chali.

Wifi alipopiga tena alikuwa hana utani. "Anakohoa. Hapumui vizuri. Njoo umpeleke hospitali, mimi hanisikii."

Morogoro hadi Kidatu

Basi liliondoka kwa kuchelewa kwa sababu abiria mmoja alikuwa amepakia godoro mlangoni na hakutaka liende juu. Aliogopa vumbi. Watu walimcheka sana. Mimi pia nilimcheka, tena kwa sauti, na nikamwambia kwamba godoro halina mapafu. Mdomo wangu huo.

Jirani yangu kwenye kiti alikuwa baba mmoja mtu wa makamo, asili yake Kigoma, mkata miwa wa miaka mingi. Mtu mpole. Tulipokaribia Kidatu basi likasimama, foleni ndefu, trekta la miwa limeziba njia. Tukafungua madirisha. Mara nikaona kitu cheusi kimetua kwenye kitenge changu, chembamba, nikakipangusa kikaacha alama. Kikaja kingine. Angani vilikuwa vingi vinashuka taratibu.

"Ni mvua yetu hiyo," akasema yule baba. "Wamechoma shamba la miwa. Usipanguse, mama, utapaka. Acha kidondoke chenyewe."

"Na nyie mnakaa humu?"

"Tunakaa. Mwanzo makamasi yanatoka meusi, unaogopa. Baadaye unazoea."

"Hamzoei," nikamwambia. "Mnanyamaza tu."

Akanitazama, akacheka, akaanza kukohoa, na kikohozi kile kilichukua muda mrefu kuliko kicheko. Kilipoisha akafungua mfuko akanimenyea kipande cha muwa. Nilikila. Kilikuwa kitamu, nami nilikuwa na njaa. Tulikaa pale karibu saa mbili, majivu yakituangukia, na hakuna abiria aliyefunga dirisha kwa sababu ya joto.

Kidatu hadi Ifakara

Siku hizi njia hii ni lami, gari linateleza, na mimi nikajidanganya kwamba shida imekwisha. Lami inaishia mjini. Niliposhuka Ifakara upepo ulikuwa unatoka upande wa mbuga, kwenye mashamba yaliyovunwa na kuchomwa na kukanyagwa na ng'ombe, na mji wote ulikuwa na rangi moja. Majani ya miembe, mabati, nguo zilizoanikwa, mbwa. Kwenye mgahawa nikaagiza wali na perege wa mchuzi. Tangu nihame nilikuwa naulilia wali wa kwetu. Kijiko cha kwanza kikalia mchanga kwenye meno. Mama mwenye mgahawa akaniona nimekunja uso. "Tafuna taratibu, dada," akasema. "Si mchele wangu, ni hewa."

Magari ya Mngeta yalikuwa yameshaondoka. Nikaenda Lumemo kwa shangazi yetu, dada yake baba, bibi wa miaka themanini anayesikia vizuri kuliko mimi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kumfuata Bene? Umechelewa kuja." Akanionyesha mlango wake. "Unaona hiyo alama hapo kwenye kitasa? Maji ya mwezi wa nne hayo. Tulihamia shuleni. Sasa hivi mto unauvuka na viatu miguuni, na tope lote lile limekauka linatuingia puani. Bonde hili halijui kiasi."

Kisha akaniambia kwamba Bene alilala kwake mwezi wa sita alipotoka hospitali. Walimpima makohozi mara mbili, kifua kikuu hana. Wakamwambia ni pumu na vumbi la mashine, maana Bene ni fundi wa mashine ya kukoboa mpunga pale Mngeta, miaka zaidi ya ishirini anakaa penye pumba. Wakamwandikia dawa, akaenda kuinunua duka la dawa. "Kichupa cha chuma ndani ya plastiki ya buluu," akasema shangazi. "Alikishika kama yai."

Hapo nikakumbuka. Bene alinipigia kuhusu kichupa hicho, ila alisema ni dawa tu, nami sikuuliza ya nini. Ilikuwa wiki ile ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, mnaikumbuka, cherehani sita zinalia kwa pamoja na wazazi wamesimama mlangoni. Karatasi ya ndani ilikuwa Kiingereza kitupu, na muuza dawa alikuwa ameandika juu ya boksi kwa kalamu. Akanisomea: "Puliza mara mbili asubuhi, mara mbili jioni. Sasa Eme, napuliza vipi?"

Nami nikamjibu hivi, neno kwa neno: "Kaka, mkulima mzima unaniuliza mimi kupulizia? Kila mwaka si unapulizia dawa shambani? Pulizia kama unavyopulizia!"

Akacheka. "Haya, Eme."

Kwa shangazi nilikumbuka maneno hayo, lakini sikuyafikiria. Nilikunywa chai, nikalala.

Ifakara hadi Mngeta

Asubuhi nikapanda kosta. Barabara ile wanaijenga, imechongwa na kumwagwa kifusi chekundu, na kila lori likitupita dereva anawasha taa mchana kweupe na kusimama mpaka aone mbele. Karibu yangu alikaa mwalimu wa shule ya msingi, binti mdogo, amejifunga mtandio puani. Nikamtania kwamba huenda anamkimbia mtu anayemdai mahari. Hakucheka.

"Darasa langu liko mita chache kutoka barabarani, mama," akasema. "Nikifungua madirisha tunakohoa, nikiyafunga watoto wanasinzia. Nimewaambia waje na leso. Asiye na leso anavuta kola ya shati anaziba pua. Ukisimama mbele huoni midomo, unaona macho tu, tena mekundu."

Sare zile tunashona sisi, au wenzetu kama sisi, na sikuwahi kuwaza kwamba kola ina kazi hiyo.

Tairi likapasuka. Tulikaa kwenye kivuli cha zahanati wakati wanabadilisha, nikaingia kuomba maji ya kunywa. Benchi lilikuwa limejaa akina mama na watoto, kila mtoto na kikohozi chake. Nesi akanipa maji bila kuniangalia. "Kama ni macho kaa kushoto, kama ni kikohozi kulia." Nikamwambia mimi mzima, ni msafiri. "Basi shukuru," akasema, "ukae nje."

Nilifika Mngeta alasiri. Wifi alikuwa anaanua mpunga uani. Akanitazama kuanzia kichwani. "Nani huyu bibi?" Nikajiangalia kwenye kioo cha pikipiki iliyokuwa pale: nywele, nyusi, kope, vyote vimekuwa vya kizee. Tukacheka sote wawili, tukakumbatiana, na katikati ya kukumbatiana nikasikia sauti ndani ya nyumba. Nilidhani wanakata mbao kwa msumeno.

"Ni yeye," akasema Salome. "Anavuta pumzi."

Mngeta

Kaka yangu alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono juu ya magoti, mabega yamepanda. Mnamfahamu kwenye picha, mtu wa miraba minne. Shati lilikuwa linaning'inia. Nikapiga goti.

"Shikamoo kaka."

"Mara," akavuta pumzi, "haba."

Nililia pale pale, sikungoja. Akanipungia mkono ninyamaze.

Chakula kilipoletwa nikaona sahani ya Bene inatoka mahali pake, juu ya kabati, pamoja na kikombe cha bati cha kijani. Salome akaniambia kwa kunong'ona kwamba majirani ndio walioanza. Wakija, hawaketi. Wenye mashine wamemwambia apumzike. Watu wamesikia "kifua" wakamalizia wenyewe "kikuu", na cheti cha hospitali wanasema cha kununua. Kwa hiyo kikombe kimetengwa ili wageni wasiogope. "Yeye mwenyewe ndiye aliyekitenga," akasema. "Mimi sikumtengea."

"Na dawa anatumia?" nikauliza, kwa ukali, maana nilikuwa natafuta wa kumlaumu.

"Hajaruka hata siku moja. Hiki ni kichupa cha pili."

Jua lilipoanza kushuka, upepo ukaja. Bene akainuka, akajishika kwenye ukuta, akachukua kile kichupa cha buluu kutoka juu ya kabati. Salome bila kuambiwa akaenda kufunga pazia la mlango. Kaka yangu akasimama mbele ya dirisha, akanyoosha mkono, akapulizia mara mbili, kushoto na kulia, taratibu kwa unadhifu, vile vile anavyopita na bomba mgongoni kwenye majaruba. Kisha akageukia mlango, akapulizia mara mbili. Akarudi kigodani, akafumba macho akingoja dawa ifanye kazi.

"Vumbi linaingilia pale," akaniambia.

Jamani. Kwa zaidi ya miezi miwili, asubuhi na jioni, mtu anayekosa hewa anaamka, anatembea mpaka dirishani, analitibu dirisha.

Nikamnyang'anya kichupa. Nikamwambia, "Kaka, hii ni ya mdomoni. Unaweka mdomoni, unabonyeza, unavuta ndani." Nilijua kwa sababu yule mtoto wa mteja wetu, yule mwenye pumu, nimemwona akifanya. Nilijua muda wote! Ila siku ile ya simu sikuuliza ni kichupa gani.

Salome akaketi chini. "Mungu wangu. Nani alikuambia upulizie dirishani?"

Bene akanitazama. Mimi nikatazama sakafu.

"Hakuna," akasema. "Ni mimi tu. Sikuelewa."

Akaweka mdomoni, akabonyeza, akavuta. Ilitoka kidogo. Baada ya dakika chache mabega yakashuka, na akasema sentensi nzima bila kukata, ya kwanza tangu nifike. Alisema, "Kumbe ni kitu kizuri hivi."

Mngeta hadi Ifakara

Asubuhi tulipata mchomoko, gari dogo la mtu binafsi linalobeba abiria wanne au wanavyotosha. Dereva aliitwa Hamisi, mzee mtaratibu mwenye kofia ya kushona. Alipomsikia Bene akipumua akawaambia abiria wengine wangoje gari jingine. Akamweka mbele, mimi na Salome nyuma. Vioo tulifunga vyote. "Tutakwenda polepole," akasema, "gari likitupita nasimama." Bene alikuwa na kichupa mkononi. Tulikuwa tumekubaliana asiguse mpaka azidiwe.

Kabla ya kufika Mbingu, kwenye kijiji kimoja, barabara ilikuwa imezibwa. Magogo, mawe, ndoo tupu, na nyuma yake wanawake kama arobaini wamekaa chini, khanga zimefungwa puani. Malori yamepanga foleni. Hamisi akazima gari.

Nilishuka na mdomo wangu. "Nani mkubwa hapa? Fungueni njia! Nina mgonjwa!"

Akainuka mama mmoja mrefu. Walimwita Mama Tumaini. "Shikamoo," akasema, maana alikuwa mdogo kwangu. Hata kwenye ugomvi.

"Marahaba. Toa magogo."

"Mama, hapa gari halipiti mpaka walete lile gari la maji wamwage. Walituahidi kila siku asubuhi na jioni. Wanamwaga siku akija mgeni mkubwa. Tumeandika, tumeenda ofisini, tumechoka."

"Mimi si mjenzi wa barabara! Nina mgonjwa wa kifua!"

Akanijibu bila kupandisha sauti. "Hapa wote ni wagonjwa wa kifua, mama. Geuka uone."

Niligeuka nikaona. Watoto walikuwa mapajani mwa mama zao, mchana wa siku ya shule. Walikuwa wanakohoa, mmoja akinyamaza mwingine anapokea.

Hapo ndipo upepo ulipobadilika. Kule shambani, upande wa mto, tuliona ukuta umesimama, mwekundu chini na mweusi juu, vumbi na majivu ya mabua yaliyochomwa. Wanawake wakaanza kuita watoto. Nikakimbilia garini. Nilipofunga mlango hatukuona tena hata boneti. Mchanga ulipiga vioo, na pamoja na kufunga kila kitu vumbi likaingia kupitia chini, kwenye pedali, kwenye mashimo ya redio, likaelea mbele ya macho yetu.

Bene akaweka kichupa mdomoni. Akabonyeza. Kikatoa mlio mwepesi tu. Akakitikisa, akabonyeza tena. Hakuna kitu. Akageuka kunitazama nyuma, si kwa lawama, akanipa kile kichupa nikiangalie, maana mimi ndiye ninayejua mambo. Nilibonyeza mara tano, mara sita. Salome alikuwa anamwomba Bikira Maria kwa sauti. Midomo ya kaka ilikuwa inabadilika rangi.

Mlango wa mbele ukafunguliwa kutoka nje. Alikuwa Mama Tumaini, amekuja akipapasa kwenye upepo, mkononi ana khanga imelowa chapachapa. Maji yao ya kunywa hayo. Akamfunika Bene kichwa chote na uso, akamshika kidevu. "Vuta humu humu, baba. Kidogo kidogo. Usipiganie." Halafu akamtambua. "Huyu si Fundi Bene wa mashine? Huyu anatukobolea mpunga!" Akatoa kichwa akapiga kelele, "Toeni magogo! Ni Fundi Bene!"

Wanawake walewale waliosema gari halipiti waliyasukuma magogo kwenye upepo ule, hawaonani. Hamisi akapita akiongozwa na sauti zao. Nyuma yetu nikasikia wanarudisha magogo. Khanga ile hatukuirudisha. Ninayo hapa.

Hospitalini

Walimpokea haraka, wakamwekea mashine ya hewa, wakamchoma sindano. Siku ya pili aliweza kula uji. Siku ya tatu akamtania Salome kwamba sasa amelala kitanda cha peke yake bila kusukumwa. Niwaambie ukweli, nikaanza kupanga safari ya kurudi kazini.

Daktari alikuwa binti wa rika la mwanangu, makini sana. Alileta kichupa kipya akamfundisha: toa pumzi yote, bonyeza, vuta, shikilia, hesabu kumi. Bene alifanya vizuri, daktari akampongeza. Kisha akauliza, kwa nia njema tu, akiandika kwenye faili:

"Ulisema ulikuwa unapulizia chumbani. Nani alikuelekeza hivyo? Nataka kujua ili tuwaelekeze na wengine."

Salome akainua kichwa, naye alitaka kujua. Mimi nilikuwa nimeshika bakuli la uji. Ilikuwa nafasi yangu, wenzangu. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nikaendelea kukoroga uji.

Bene alikuwa amesharudishiwa barakoa ya hewa, hakuweza kusema sana. Aliinua mkono akaweka kiganja juu ya kifua chake. Mimi mwenyewe, maana yake. Akakiacha pale, akanitazama kidogo, akafumba macho.

Daktari akaniita nje. Akasema mapafu yamechoka, vumbi la pumba la miaka mingi, na mwaka huu barabara imeongeza. "Angeitumia dawa vizuri tangu mwezi wa sita angepata nafuu. Kiasi gani, siwezi kukuambia." Nilimwomba aniambie. Akasema tena kwamba hawezi.

Siku ya nne asubuhi nilikwenda Lumemo kuchukua uji kwa shangazi. Niliporudi saa nne walikuwa wameshavuta pazia kuzunguka kitanda. Kaka yangu alikuwa amefariki. Chupa ya uji bado ilikuwa ya moto, nikawa nimeikumbatia sijui niiweke wapi.

Ifakara hadi Mngeta, tena

Tulimrudisha kumzika. Nilijifunga khanga puani kabla hatujatoka mjini, na Salome pia. Hatukuzihitaji. Barabara nzima ilikuwa imemwagiwa maji. Siku hiyo kulikuwa na mgeni mkubwa anapita. Kifusi kilikuwa kimetulia, chekundu, kinanukia mvua, na majani ya pembeni yalikuwa yameoshwa. Kwenye kile kijiji magogo yalikuwa yamewekwa kando. Wanawake walisimama walipoona jeneza juu ya gari la Hamisi. Mama Tumaini akauliza kwa mkono, ni yeye? Nikaitikia kwa kichwa. Hamisi alikuwa anaendesha huku analia.

Msiba ulijaa. Majirani walikuja na wakaketi.

Baada ya mazishi, watu walipopungua, Salome alileta chai. Kikombe chake kilikuwa kile cha bati cha kijani. Akakaa karibu yangu akanywa nusu, halafu akasema, "Wifi, nitakuambia kitu usimwambie mtu. Mimi ndiye niliyekuwa nafunga pazia. Asubuhi na jioni. Nilikuwa nafunga ili dawa isitoke nje. Mke gani haulizi? Ningeuliza hata mara moja." Akalia bila sauti. "Nimemuua mume wangu na pazia."

Nikamshika mkono. Nikamwambia asiseme hivyo, ni kazi ya Mungu. Hayo tu ndiyo niliyosema! Mimi Emerensiana, ambaye hata godoro la watu nilikuwa na la kuliambia. Kesho yake nikapanda kosta nikamwacha na hilo jambo.

Nyumbani

Nimerudi, mmeniona, nashona. Nikivuta kola ya sare kuikunja naona macho ya watoto wa yule mwalimu.

Bene hakuacha neno. Alipokea fimbo zangu za mtumbwi, akapokea na hili, akaenda nalo. Nimejaribu kukaa nalo kama alivyokaa yeye, wiki tatu sasa, na kila nikifumba macho namwona Salome anaenda kufunga pazia.

Kwa hiyo niliandika mara mbili. Barua mnayoisoma ni ya pili. Ya kwanza imeondoka na basi la leo asubuhi, nimempa dereva mkononi, na juu ya bahasha nimeandika jina la wifi yangu. Atakaponipigia, nitapokea, hata akitukana. Hata asipopiga.

Kaka yangu alikuwa na kifua. Mimi sina.